Mpishi wa Ngulyati, mkaa wa pamba na baba aliyeondoka bila kula

Saa kumi na mbili asubuhi, siku ya Krismasi, Felisita Masele amepiga magoti nyuma ya kanisa huko Ngulyati, mkoani Simiyu. Mbele yake kuna jiko la udongo, naye anapuliza mpaka mashavu yamemvimba.

Hapulizi kuni, wala mkaa wa gunia. Ndani ya jiko kuna vidonge vyeusi vya mviringo, kila kimoja ukubwa wa andazi, ambavyo miezi michache iliyopita vilikuwa miti ya pamba iliyokauka shambani kwa jirani.

"Huu mkaa una maringo," anasema bila kugeuka. "Hauwaki kwa hasira kama ule wa msituni. Unaubembeleza kwanza. Ukishakubali, unaweza kwenda misa ukarudi, ukaukuta bado unakusubiri."

Kidonge kimoja kinaanza kuwa chekundu pembeni. Felisita anajifuta jasho kwa upindo wa kanga, anahamia jiko la pili. Yapo sita. Kando yake yamepangwa masufuria makubwa yenye masizi ya harusi za watu wengi, na karibu yake akina mama wanachambua mchele huku wakichambua pia habari za mji mzima wa Bariadi.

Leo watakula hapa watu wapatao mia tatu. Kutakuwa na wali, nyama ya ng'ombe, maharage na kabichi, pamoja na ugali kwa ajili ya wazee wanaoamini kwamba wali ni kiburudisho, si chakula. Shughuli nzima itafanyika bila gunia hata moja la mkaa wa miti ya msituni, wala sahani hata moja ya kutupa.

Hayo peke yake yangetosha kumleta mwandishi Ngulyati siku ambayo wenzake wamelala. Lakini Felisita, mwenye umri wa miaka 46, ana jambo jingine kichwani. Kila akimaliza jiko moja, anatazama barabara.

"Leo nataka mtu mmoja tu ale," anasema. "Hao wengine watakula tu, nawajua."

Mtu huyo ni baba yake mzazi, Mzee Masele Mayige, mfugaji wa Lagangabilili, wilayani Itilima. Krismasi iliyopita alifika kwenye shughuli hii hii akaondoka bila kuonja punje ya wali. Na huku, mpishi ambaye baba yake mwenyewe hakula chakula chake ana kesi ya kujibu, hata kama hakuna mahakama iliyomwita.

Majirani humwita Mama Lucy. Kwao Lagangabilili anaitwa Nyanjige, jina la nyumbani. Alianza kazi ya jiko kwa kuuza uji na chapati stendi ya Bariadi. Mji ulipofanywa makao makuu ya mkoa, ofisi zikaja, na ofisi zikaja na semina, na semina zikaja na watu wenye njaa ya saa nne. Felisita akaanza kuitwa kupika chai za vikao, kisha mahafali, kisha harusi na misiba.

Shughuli moja humwingizia kati ya shilingi laki moja na laki mbili, akishawalipa wasaidizi wake. Si kila wiki kuna shughuli. Msimu pamba ikiwa na bei nzuri, watu huoa. Bei ikianguka, hata mapenzi hupoa.

"Mpishi wa shughuli hana ofisi," anasema. "Ofisi yangu ni midomo ya watu. Wakisema umepika vizuri, umeajiriwa. Wakinyamaza, umeachishwa kazi."

Safari yake ya kukataa plastiki haikuanzia kwenye semina. Ilianzia zizini.

Krismasi ya mwaka juzi alipika hapa hapa, kwa mtindo ambao sote tunaujua: mkaa magunia kadhaa, sahani nyekundu za plastiki za kutumia mara moja, vikombe, mirija. Watu walikula, wakashiba, wakaondoka. Upepo ukafanya usafi kwa namna yake. Asubuhi iliyofuata sahani zilikuwa zimetapakaa mpaka malishoni, nyingine zimenasa kwenye miba kana kwamba na yenyewe inasherehekea.

Mwezi Januari ng'ombe wake wa maziwa akaanza kukonda. Alikuwa wa uzao wa mtamba ambaye Mzee Masele alimpa bintiye alipojifungua mtoto wa kwanza. Tumbo lilivimba, akaacha kucheua, akawa anasimama tu, kichwa chini. Walimwita mganga wa mifugo, lakini muda ulikuwa umekwenda. Wakamuwahi kwa kisu.

"Walipopasua tumbo wakakuta donge," Felisita anaeleza, na mikono yake inaonyesha ukubwa wa kibuyu cha maziwa. "Mifuko, mirija, vipande vya sahani. Vile vipande vyekundu nilivijua. Zile sahani nilizinunua mimi mwenyewe sokoni Bariadi. Nililia, mwanangu. Nililia kama nimefiwa."

Mzee Masele alikuja kuona. Wafugaji wa huku hawasimuliwi kifo cha ng'ombe, hufunga safari wakakiona. Aligeuza lile donge kwa ncha ya fimbo yake, kisha akasema: "Ng'ombe hana kosa. Anakula anachoandaliwa."

Maneno hayo yalimkaa Felisita kooni. Tangu siku hiyo akaapa kwamba hatanunua tena sahani ya kutupa.

Kuhusu mkaa, tayari alikuwa na wazo. Aliwahi kuhudhuria mafunzo ya akina mama mjini Bariadi, wakafundishwa kutengeneza mkaa kutokana na mabaki ya shambani. Wengi walikunywa soda wakaondoka. Yeye alirudi nyumbani akatazama mashamba ya pamba.

Kila mkulima wa Simiyu anajua kwamba pamba ikishavunwa, miti yake lazima ing'olewe na kuchomwa, ili wadudu wasipate pa kujificha wakisubiri msimu mpya. Miaka nenda rudi, mashamba huwaka, moshi unapaa, na mama mwenye shamba anatoka hapo hapo kwenda kununua mkaa.

Felisita huiomba miti hiyo kwa majirani. Huichoma ndani ya pipa lenye hewa kidogo mpaka iwe nyeusi, kisha huitwanga kwenye kinu cha zamani, huchanganya na uji mzito wa muhogo, hufinyanga vidonge kwa mkono na kuvianika juani.

Mwanzoni bwana shamba wa kata alimjia juu, akidhani anaficha miti ya pamba nyumbani na kufuga wadudu.

"Nikamwambia, kaka, sheria inasema choma. Mimi nachoma. Ila nachoma kwa adabu," anasema, na wale akina mama wa mchele wanacheka ingawa ni dhahiri wameshaisikia habari hii mara nyingi. Bwana shamba alilikagua pipa, akaona hakuna mti unaobaki mzima, akaondoka na vidonge vichache vya kwenda kumwonyesha mkewe.

Shida ya mkaa huu ni maji. Ukinyeshewa, unarudi kuwa uji. Kwa hiyo tangu Agosti, vidonge vya Krismasi hii vimehifadhiwa mahali pakavu kuliko pote nyumbani kwa Felisita, yaani chini ya kitanda.

"Miezi minne nimelala juu ya Krismasi," anasema mumewe, Marcelo, fundi baiskeli, ambaye leo amepewa kazi ya kuchota maji. "Nikigeuka usiku, mama anauliza: umevunja? Haniulizi mimi kama nimevunjika."

Basi, mkaa ulikwenda vizuri. Ni sahani zilizomponza.

Mwaka jana, akiwa bado na uchungu wa ng'ombe wake, Felisita aliiendea kamati ya sherehe ya jumuiya na pendekezo. Kila atakayekuja Krismasi aje na sahani yake. Hakuna kununua, hakuna kutupa. Mwenyekiti wa kamati, Kristofa Mboje, mkulima wa mpunga mwenye sauti ya kutangaza, alisita kidogo, akakubali, akatangaza kanisani.

Mahali pengine wangepiga makofi. Huku, baadhi ya akina mama walitazamana.

Kwanza, mgeni haulizwi sahani. Waswahili walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na Msukuma hakuhitaji kufundishwa hilo. Mgeni anafika mikono mitupu, ananawishwa, anakula, anaaga. Kumwambia aje na chombo ni sawa na kumwambia umepungukiwa, au humtaki.

Pili, na hili ndilo zito zaidi, mtu anayekwenda kwa watu amebeba chombo chake mwenyewe anajulikana ana maana gani. Anasema, bila kufungua mdomo, kwamba anaiogopa nyumba ile. Anaogopa kuwekewa kitu. Wapo watu waliovunja undugu kwa bakuli lililotolewa mfukoni.

"Nilifikiria takataka," Felisita anakiri. "Watu niliwasahau. Mimi mtoto wa Masele, niliyelelewa kwenye boma lisilokosa wageni, nikasahau."

Mzee Masele hajabatizwa. Ana imani zake za kale na hazimzuii kupenda nyama ya Krismasi. Kila mwaka hupanda gari kutoka Lagangabilili, akamalizia njia kwa pikipiki, akafika baada ya misa, akala chakula cha bintiye na kurudi. Mwaka jana alikuja na wazee wenzake wawili, amevaa koti lake la heshima, akijisifu njia nzima kwamba huko waendako mpishi ni wake.

Pale langoni alisimama mwanakamati mmoja mwenye bidii kuliko busara. Akamuuliza: "Mzee, sahani yako iko wapi?"

Wale wazee wawili walishuhudia, na jibu lake limesimuliwa Ngulyati mwaka mzima. "Sahani yangu iko kwa binti yangu," Mzee Masele alisema. "Ndiyo maana nimekuja."

Kisha akageuka.

Felisita alikuwa anapakua. Alipoambiwa, alikimbia na aproni yake na mwiko mkononi, akafika barabarani akakuta vumbi la pikipiki zao tu.

Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Kufikia Mwaka Mpya, maneno yalikuwa yamefika Bariadi mjini. Hayakuwa tena maneno ya sahani. Watu walisema mzee amekataa kula kwa bintiye, na mzee mzima hakatai chakula cha mwanawe bila sababu. Lazima anajua kitu. Kama baba yake hakula, wewe unakula nini?

"Sisi wa kamati tulijua ni upuuzi," anasema Kristofa. "Lakini upuuzi una miguu. Ukweli ulikuwa bado unatafuta viatu, upuuzi umeshafika Lamadi, kule ziwani."

Harusi mbili zilimkwepa. Mahafali ya shule moja aliyokuwa akiyapikia kila mwaka yakapata mpishi mwingine. Hakuna aliyemwambia kitu usoni, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Waliacha tu kupiga simu.

Mwezi wa saba, baada ya mavuno, alikwenda Lagangabilili peke yake. Baba yake alimpokea vizuri. Alipewa maziwa, akaulizwa habari za Marcelo, za watoto, za mvua. Walizungumza ng'ombe mmoja mmoja. Hatimaye akapiga magoti akaomba radhi, akamsihi baba yake aje tena Krismasi.

"Akasema: nitaona," Felisita anasimulia. "Basi. Akainuka akaenda kutazama ndama."

Mzee wa Kisukuma akikwambia "nitaona", hata mabingwa wa hali ya hewa hawawezi kukutabiria kitakachofuata.

Mtu mwingine angerudi kwenye sahani za plastiki akayamaliza. Kamati ilimshauri hivyo hivyo. Kristofa mwenyewe, kwa nia njema, alimwambia kwamba vita vya sahani si vyake peke yake na kidole kimoja hakivunji chawa.

"Nikamwambia, mwenyekiti, umesema vizuri, basi nikopeshe vidole vyako," anasema Felisita.

Ndivyo mpango wa mwaka huu ulivyozaliwa. Wageni hawaulizwi lolote. Wenyeji ndio wanaotoa vyombo. Wiki moja kabla ya sikukuu, jirani yake Elina alipita nyumba kwa nyumba akikusanya sahani za bati, mabakuli na masinia. Kila mama alifunga uzi wa rangi yake kwenye sahani zake au alipaka tone la rangi ya kucha chini, maana amani ya jumuiya ni muhimu lakini sahani ni sahani.

Wazee watakula wanne wanne au watano watano kwenye sinia moja, kama ilivyokuwa kabla hatujafundishwa kwamba kila mtu lazima awe na kijisahani chake. Michembe na matoborwa, viazi vitamu vilivyokaushwa, pamoja na matunda, vitawekwa kwenye masonzo, vile vikapu vya nyasi vilivyosukwa mpaka vinashika maji, ambavyo nyumba nyingi zilikuwa zimevigeuza pambo la ukutani.

Na kuna desturi moja Felisita ameirudisha. Marehemu mama yake hakuwahi kumpa mgeni chakula kabla ya kukionja mbele yake. Mjini, kwenye foleni za harusi, mambo hayo yalisahaulika. Leo ataonja kila sinia la wazee, mbele ya macho yao.

"Wacha waone koo langu likimeza," anasema.

Saa nne, wingu zito linatokea upande wa ziwa. Wimbo wa kanisani unasikika, nyama imeanza kunukia, na Felisita anatazama juu kwa macho ya mtu anayedaiwa. Marcelo na wenzake wanavuta turubai kubwa la bluu juu ya majiko.

"Turubai hili si la plastiki?" mwandishi anamchokoza.

"La plastiki, ndiyo. Lakini halitupwi," anajibu. "Hili limeona harusi nyingi kuliko padri."

Matone machache yanaanguka, wingu linabadili nia na kwenda kunyesha kwingine. Majiko sita yanaendelea kuwaka polepole, bila moshi wa kuliza watu. Wali unakauka vizuri. Hakuna ulioungua chini, jambo ambalo Elina analithibitisha kwa kukwangua sufuria na kukosa ukoko wa kula. Analalamika.

Misa inakwisha. Watu wanamiminika wakiwa na nguo mpya, watoto wanakimbia na maputo, salamu za Kisukuma zinagongana na za Kiswahili. Ndani ya nusu saa uwanja umejaa. Foleni ya vijana inakwenda. Wazee wamekaa kwenye mikeka na viti, wananawishwa, na Felisita anapita sinia kwa sinia, anapiga magoti, anaonja, anawakaribisha. Mzee mmoja anacheka na kumwambia akionja hivyo kote atashiba kuliko wageni.

Anacheka naye. Lakini macho yako barabarani.

Saa nane inafika. Ugali wa wazee unaanza kupoa. Elina anamnong'oneza kwamba labda gari limekosekana, na Felisita anatikisa kichwa. Kuna sinia moja halijaguswa, limefunikwa kwa kitambaa cheupe, na hakuna anayethubutu kuuliza ni la nani.

Pikipiki inasimama langoni. Mzee mrefu, mwembamba, mwenye koti la kijivu anashuka taratibu. Mkono mmoja una fimbo. Chini ya mkono wa pili kuna kitu bapa, cha mviringo, kimefungwa kwenye kipande cha kanga.

Uwanja unapungua sauti. Watu wa Ngulyati wanajua umbo la sahani hata ikifungwa.

"Mama Lucy," Kristofa anasema kwa sauti ya chini ambayo kwake ni ngeni kabisa, "mzee ametuletea kesi."

Kwa hakika inaonekana hivyo. Mwaka jana aliombwa sahani akaondoka. Mwaka huu hakuombwa, naye amekuja nayo. Mbele ya watu mia tatu, mzee aliyeshika chombo chake anaingia kwenye shughuli ya bintiye.

Felisita anaweka mwiko chini. Anatembea mpaka alipo baba yake, anapiga magoti na kumwamkia. Mzee anaitikia, kisha anamwita kwa jina la nyumbani, kwa sauti inayofika mpaka jikoni.

"Nyanjige. Mwaka jana uliomba sahani."

"Ndiyo, baba. Nilikosea."

"Sijauliza kosa. Nazungumza habari ya sahani. Uliomba, hukupewa." Anabana fimbo kwapani, anafungua ile kanga. Ndani kuna sahani kubwa ya bati yenye ukingo wa bluu, imebanduka rangi sehemu mbili tatu. "Hii ilikuwa ya mama yako. Iweke na zile nyingine. Ale nayo yeyote atakayekosa."

Felisita anaipokea kwa mikono miwili. Anaikumbatia kifuani.

"Haya," anaendelea mzee, na sasa anakunjua viganja vyake vitupu mbele ya watu wote. "Mimi sina sahani. Mimi ni mgeni. Nipe chakula."

Kinachofuata ni vigelegele vya Elina, na ukimjua Elina, unajua vimesikika Bariadi.

Mzee anaketi na wenzake. Ananawishwa. Felisita analeta lile sinia lililofunikwa, anaondoa kitambaa, anamega tonge la kuonja kama alivyofanya kwa wengine. Mkono wake haujafika mdomoni, fimbo ya baba yake inamgusa begani.

"Usionje," anasema. "Mimi si mgeni wa namna hiyo. Uji wa kwanza uliopika maishani mwako uliungua, nikaumaliza."

Kisha Mzee Masele Mayige anamega tonge, analichovya kwenye mchuzi, anakula. Anamega la pili. Felisita anarudi jikoni haraka, anasimama nyuma ya sufuria la maharage mgongo ukiwa kwa watu, na analia kwa furaha bila kujificha sana. Marcelo anamletea maji ya kunawa uso na kwa mara ya kwanza leo hana utani.

Mchana unapoelekea jioni, kazi inahamia kwenye mabeseni. Akina mama wanasugua masufuria kwa majivu ya ule ule mkaa wa pamba, wanasuuza sahani, wanazitenganisha kwa nyuzi na rangi. Kuna mabishano ya dakika kadhaa kuhusu bakuli moja lenye uzi wa kijani, mpaka inagundulika nyumba mbili zilichagua kijani. Mwakani watapanga rangi mapema.

Mifupa imekwenda kwa mbwa, maganda kwa mbuzi. Taka zilizobaki zimeingia kwenye ndoo moja. Felisita anaiinamia na kuichambua kama mtu anayesoma matokeo ya mtihani: karatasi za biskuti, vifuniko vya soda, na vipande vya maputo.

"Maputo yametushinda," anakubali. "Ukimnyima mtoto puto siku ya Krismasi, atakulaani mpaka Pasaka. Hilo tutalitafutia dawa. Lakini tazama malishoni. Tazama mwenyewe."

Mwandishi anatazama. Nyasi za mvua za Desemba ni za kijani, na ng'ombe wa watu wanakula bila wasiwasi. Hakuna chekundu kinachopepea kwenye miba.

Midomo nayo, ile ofisi yake, imeshaanza kazi. Kabla sahani ya mwisho haijakauka, watu watatu wamemvuta pembeni. Mmoja ana harusi ya binti yake mwezi wa pili. Mwingine ni mwalimu wa ile shule ya mahafali, amekuja amevaa miwani ya jua kana kwamba ingemficha. Wa tatu ametumwa na akina mama wa Lagangabilili wanaotaka Pasaka wapikiwe na mpishi wa Ngulyati, kisha wafundishwe kutengeneza mkaa wa pamba.

"Hilo la kufundisha ndilo ninalolitaka zaidi," Felisita anasema. "Nataka kila jumuiya iwe na pipa lake na vyombo vyake. Kwetu Itilima kuna pamba kuliko hapa. Nikianzia kwetu, hakuna atakayeniambia ni mambo ya mjini."

Ana mpango pia wa kumwomba fundi wa mjini amtengenezee mashine ndogo ya mkono ya kushindilia vidonge, maana vidole vyake vya kufinyanga vimeanza kulalamika wakati wa baridi. Na anataka chumba cha kuhifadhia. Marcelo, anayesikiliza, anaunga mkono sana wazo la chumba.

Pikipiki ya Mzee Masele imefika. Anasimama langoni akiegemea fimbo, ameshiba, na katika mfuko wa koti kuna kipande cha nyama kilichofungwa kwenye jani la mgomba kwa ajili ya safari. Felisita anamsindikiza. Mwandishi yuko karibu, na mzee hajali.

"Nyanjige," anasema, "siku yangu ikifika, watu watakuwa wengi. Usikubali walishwe kwenye vile visahani vya kutupa. Upike wewe. Sitaki mwingine."

Kwa mwanamke ambaye mwaka mzima alisemwa kwamba baba yake anaogopa chakula chake, hakuna sifa kubwa zaidi ya hiyo. Felisita anamrekebishia baba yake kola ya koti, taratibu, mpaka sauti yake inapokaa sawa.

"Hiyo shughuli sina nafasi nayo, baba," anasema. "Nimejaa mpaka Pasaka."

Mzee Masele anamtazama, anacheka mpaka anakohoa, kisha anapanda nyuma ya pikipiki.

"Basi," anasema, "nitangoja zamu yangu."